Mpango gani wa kupunguza uzito? Uliza kwanza habari ya sufuria

Siku hizi ujumbe wa wasomaji umebadilika. Zamani ulikuwa "dada, tumbo nilifanyeje". Sasa ni "dada, nimelipa, nimeshindwa, na hela hairudi". Wa juzi anaishi Mbagala na mume, watoto na mama mkwe. Alilipia ratiba ya mwezi mzima, akatumiwa kwa WhatsApp: asubuhi mtindi wa Kigiriki na lozi, mchana kwinoa, jioni samoni na brokoli. Wiki haikuisha, mama mkwe akauliza kama chakula cha humu ndani kimetiwa sumu.

Kwa hiyo sitapoteza muda na habari za kunywa maji na kulala mapema, hayo mnayajua. Nina kipimo kimoja ambacho wauzaji hawakigusi: mpango huu unadai sufuria ya pili? Nyumba zetu nyingi kinapikwa chakula kimoja, wanakula wote. Ukianza kujipikia chako, mtungi mdogo wa gesi unakata kabla ya siku zake, dada wa kazi ananuna, na siku umerudi na foleni ya Kilwa Road huna nguvu ya kupika mara mbili. Unapakua wali wa watu wote, tena kwa hasira, sahani inajaa. Kwa kipimo hicho nimeipanga mipango mitano, ninayoipenda zaidi ikitangulia.

1. MyFitnessPal, ile ya bure

Upendeleo wangu sifichi. Programu hii ya kuhesabu kalori ipo tangu 2005. Mwaka 2022 ilipoanza kutoza hela kwa kuskani msimbo wa pakiti, watu walilalamika kweli. Mimi halikunihusu, dagaa wa Kariakoo hawana msimbo. Ninachokipendea ni sehemu ya mapishi: unaingiza kila kilichotumbukia kwenye sufuria, yenyewe inakugawia kwa sahani. Watoto wanakula kilekile, mama mkwe anakula kilekile.

Ila "ugali" na "chapati" utakazozikuta humo usiziamini. Nyingi zimejazwa na watumiaji, na kila mtu ana chapati yake. Pima unga mkavu: gramu 100 za unga wa mahindi ni kama kalori 360. Kisha pima mafuta, maana kijiko kimoja cha chakula kina kama kalori 120, na hapo ndipo wengi tunashtuka. Maharage yanasingiziwa bure. Mwenye kesi ni yule anayemimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye dumu huku anaongea na simu.

Namna ya kufanya: pima sufuria tupu, uandike uzito wake kwa msumari kwenye kitako. Chakula kikiiva pima tena na sufuria yake, toa ule uzito, halafu pima chakula cha sahani yako, ujue umekula sehemu gani ya sufuria. Yangu ya maharage ina namba kubwa kitakoni, shoga yangu mmoja alidhani ni bei.

2. Siku mbili kwa wiki

Huu ndio 5:2, ulioenezwa na Michael Mosley, daktari na mtangazaji wa Uingereza, kuanzia 2012. Siku tano unakula kawaida, siku mbili unashuka hadi kalori kama 500 kwa mwanamke na 600 kwa mwanamume. Anayefunga Jumatatu na Alhamisi mazoea anayo tayari, mradi futari isiwe ya Ramadhani, na kaimati na tambi za sukari. Sufuria ni ileile, unapunguza upakuaji. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze bila daktari wake. Mjamzito na anayenyonyesha waache kabisa.

3. Keto

Ni ule ulaji wa kukwepa wanga na kula mafuta kwa wingi. Inapunguza, sibishi. Ila kilo za wiki ya kwanza nyingi ni maji, kwa sababu akiba ya wanga mwilini hukaa pamoja na maji, ikiisha yanatoka. Na sufuria ya pili haikwepeki: wenzio ugali, wewe na kikaango chako cha mayai na jibini. Kama unaishi peke yako na mfuko unaruhusu, ipandishe hadi namba mbili.

4. Sheki na maboksi

Clean 9, boksi la vinywaji na virutubisho la kampuni ya Forever, kwa mfano, ni ya siku tisa. Siku ya kumi unarudi kwenye wali wa nazi uleule, kuupima hujajifunza.

5. Chai za bei rahisi

Soma pakiti. Ukiona sanamaki, umenunua dawa ya kukufanya uharishe.

Sasa nyie wauzaji. Bei kwa nini iwe siri? Picha ya tumbo mnaweka hadharani, bei "njoo inbox", na huko inbox bei inapanda kulingana na picha ya mteja. Mwingine bado anaandika "imethibitishwa na TFDA". Chombo hicho cha serikali cha kudhibiti dawa kimekuwa TMDA tangu 2019, na mambo ya vyakula yakahamia TBS, shirika la viwango. Mwingine anauza sindano za semaglutaidi za kupunguza hamu ya kula, dawa inayotakiwa kukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kuanza kutumika, anaituma kwa bodaboda saa saba mchana.

Hela hiyo nunua mizani ya jikoni ya kidijitali. Nenda dukani na kikombe kikubwa chepesi kinachoingia nusu lita na chupa ya maji ya nusu lita isiyofunguliwa. Weka kikombe juu ya mizani, irudishe sifuri, mimina maji yote: isome gramu 500 au karibu sana na hapo. Muuzaji akikataa kufungua boksi eti betri itaisha, hamia duka la pili.