Kimashine cha povu la maziwa: kipi ununue kwa kahawa ya nyumbani

Uliza kimashine cha kutoa povu la maziwa, na muuzaji atakupangia mezani vitano vinavyofanana: mpini wa plastiki, kijiti chembamba cha chuma, springi ya duara mwishoni. Vyote vinazunguka, ila bei zake zimeachana mbali. Jikoni kwangu Dar es Salaam nimeshatumia aina zote nne nitakazozitaja, na nimezipanga kwa kuangalia jambo moja: kipi kitakutolea povu zuri asubuhi baada ya asubuhi bila kukufia mkononi.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake. Kimashine cha mkononi hakipashi maziwa moto. Kinaingiza hewa kwenye maziwa uliyokwisha kuyapasha, na protini za maziwa ndizo zinazoishika hewa hiyo isitoroke. Povu lake ni jepesi, linakaa juu ya kikombe. Ule ulaini wa mashine za mgahawani zinazopuliza mvuke, ambao watengeneza kahawa huuchorea majani na mioyo, huupati hapa. Lakini kwa kapuchino ya nyumbani, Africafe yenye kichwa cheupe, au kakao ya watoto isiyo na mabonge, kinatosha kabisa. Kahawa chungu ya dele, ile ya kunywa na kashata barazani, haimo kwenye mazungumzo haya. Hiyo iacheni nyeusi.

Nafasi ya kwanza: cha kuchaji, chenye springi inayochomoka. Hiki ndicho ninachomshauri kila mtu anayekunywa kahawa ya maziwa kila siku. Kinachonivutia ni nguvu ya mota. Maziwa ni mepesi, karibu kila kimashine kitayaweza. Mzigo wenyewe utauona ukijaribu ile kahawa ya kuchapa iliyovuma mwaka 2020, vijiko 2 vya kahawa ya unga inayoyeyuka, 2 vya sukari, 2 vya maji moto. Inaanza kama maji meusi, inageuka rangi ya karameli, halafu inakuwa nzito kama krimu. Hapo kwenye uzito ndipo kimashine changu cha betri kilipoanza kuguna na kusimama. Cha kuchaji kiliichapa mpaka mwisho.

Ukiwa dukani omba glasi ya maji. Zamisha springi kwanza, ndipo uwashe, la sivyo utamrushia muuzaji maji. Kikiwa hewani kijiti kuyumba kidogo ni kawaida. Ndani ya maji kinatakiwa kitulie, na maji yazunguke mpaka shimo litokee katikati. Kisha gusisha springi kidogo kwenye ukuta wa glasi: mlio ukishuka na kurudi, mota ni nzima, kikisimama kabisa, kirudishe mezani. Angalia na tundu la chaji. Liwe juu ya mpini, mbali na kijiti, na liwe na kifuniko cha mpira. Nilishanunua kimoja kwenye duka moja, tundu lake liko wazi upande wa chini. Mvuke wa kikombe uliingia humo na baada ya wiki chache kikagoma kuchaji. Dukani hawakukipokea.

Usiongeze pesa kwa sababu ya vichwa vitatu. Springi moja inatosha kwa maziwa. Kile kichwa cha kupigia mayai kinaweza yai moja au mawili, unga wa keki hakiwezi.

Nafasi ya pili: birika la kioo la kubonyeza, lile lenye kichujio cha wavu linaloitwa French press. Wengi watashangaa kuliona hapa juu. Lakini halina mota wala betri, linakupikia kahawa yenyewe, na linatoa povu la vikombe vitatu au vinne kwa mara moja, kazi ambayo kimashine cha mkononi hakiiwezi. Mimina maziwa ya moto yasizidi theluthi moja ya birika, pandisha na kushusha kichujio haraka mara 20 hivi, basi. Povu lake ni laini kuliko la springi. Wageni wakija, mimi hushika hili. Udhaifu wake ni kioo, na pia mafuta ya kahawa yakibaki kwenye wavu yanaharibu ladha ya maziwa, kwa hiyo ufungue wavu wote unapoosha.

Nafasi ya tatu: cha betri 2 za AA. Ndicho cha bei ya chini kuliko vyote, na kwa mtu wa kikombe kimoja mara mbili kwa wiki kinafaa. PRODUKT, kimashine cha maduka ya IKEA ambacho ndugu walioko Ulaya na Ghuba hutuletea, ni cha kundi hili. Shida iko kwenye betri. Betri mbili mpya zinatoa volti 3. Zile za bei ya chini zinaishiwa pumzi mapema mota inapobeba mzigo, kwa hiyo nunua za alkalaini. Za kuchaji zinaingia, ila nyingi ni volti 1.2 kila moja, jumla 2.4, na utaona mzunguko umepungua. Ukisafiri zitoe. Betri ikivuja humo ndani, chuma kinaliwa na kimashine kimekwisha.

Nafasi ya nne: jagi la umeme la kutoa povu. Ndilo pekee kwenye orodha hii linalopasha na kutoa povu kwa pamoja. Ni zuri, lakini ni ghali, linachukua nafasi, na umeme ukikatika huna kitu. Linunue kama nyumbani mnakunywa wengi na bei haikusumbui.

Chochote utakachochukua, povu linaanzia kwenye maziwa. Ya boksi yaliyopitishwa kwenye joto kali yanatoa povu vizuri sana. Yasiyo na mafuta hutoa povu jingi lakini kavu, yenye mafuta yote hutoa kidogo zaidi lenye utamu. Maziwa ya kupimwa lazima uyachemshe kwanza kwa usalama, uyaache yapoe kiasi, utoe utando juu, ndipo uyachape. Joto zuri ni nyuzi 60 hadi 65. Kama huna kipimajoto, zima jiko mvuke unapoanza na vipovu vidogo vikionekana pembeni mwa sufuria. Tui la nazi limenishinda. Povu lake linaanguka kabla hujaketi.

Tumia kikombe kirefu, maziwa yasifike nusu. Springi ikae karibu na uso wa maziwa kwa sekunde 15, halafu ishushe chini sekunde 10 nyingine kuvunja mapovu makubwa. Gongesha kikombe mezani mara mbili, subiri kidogo, mimina.

Osha papo hapo: washa springi ndani ya maji ya moto yenye tone la sabuni, kisha ndani ya maji safi. Mpini usiuzamishe. Na pale kijiti kinapoingia kwenye mpini pafute kwa kitambaa kila mara, maana maziwa hukauka humo na kesho yake kahawa inanuka mgando.