Lenzi ya Sony FE 200-600mm kwa ndege wa Kigoma

Kwa mdiria na mwewe wa ufukwe wa Kibirizi, lenzi hii ndiyo tungeichagua kwanza kwa mwenye kamera ya Sony. Inavuta kwa ndani: urefu wake haubadiliki ukienda 200 hadi 600, hivyo uzito haukimbilii mbele mkononi. Ina kilo 2.1, na bega litalalamika baada ya saa moja. Beba stendi ya mguu mmoja.

Tatizo ni mwanga. Kwenye 600mm tundu lake la kupitisha mwanga ni f/6.3, yaani dogo, na mdiria anayepiga mbizi anadai kasi ya 1/3200 ya sekunde. Alfajiri, hiyo maana yake ni kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200 au zaidi, na chengachenga kwenye picha. Kwa ndege anayeruka mbali, weka swichi ya fokasi kuanzia mita 10, isipoteze muda kutafuta karibu.

Adhuhuri acha kabisa: joto la mchanga hutikisa hewa, na picha za mbali hutoka kama zimeyeyuka. Hakuna lenzi inayorekebisha hilo. Masika ihifadhi pamoja na silika jeli (vipakiti vya kufyonza unyevu), ukungu usiote kwenye vioo.