Gemu ya mpira: kabla hujanunua, chomoa intaneti

Mwezi uliopita nilinunua diski ya gemu ya mpira iliyokwisha kutumika. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, na muuzaji aliniapia kwamba kila kitu kinafanya kazi. Mimi niliitaka kwa ile sehemu ya kujenga kikosi kwa kadi. Nikaiwasha, nikabonyeza, ikagoma: seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha michezo ya mtandaoni, zilishazimwa. Nilipomrudia muuzaji hakushangaa hata kidogo. Alijua fika.

Basi habari za picha na jezi sitazigusa. Nauliza jambo moja tu: intaneti ikikatika, unabaki na nini?

Nafasi ya kwanza naipa PES 2021, gemu ya kampuni ya Konami, na sioni haya kusema kwamba mimi ni wa Konami tangu enzi za PES 6. Michezo yake ya mtandaoni imekufa, lakini Master League, ile ya kuongoza klabu kama kocha, unaicheza msimu baada ya msimu bila kumwomba mtu ruhusa. Halafu mpira wenyewe! Haujagandishwa mguuni. Pokea pasi ukiwa umegeuka vibaya, utakuponyoka nusu hatua na beki atauchukua. Bonyeza kitufe cha pembetatu mapema, pasi ya kupenyeza inamgonga beki gotini; subiri kidogo tu, inapita pembeni yake na mshambuliaji yuko peke yake na kipa. Majina bandia ya klabu, ya mtindo wa Merseyside Red ya matoleo ya zamani, tuliyoijua kuwa ni Liverpool, yana dawa: kwenye PS4 na kompyuta unapakia faili la majina na nembo kwa flashi. Wenye Xbox hawana njia hiyo. Kwenye maduka ya mtandaoni imeondolewa, kwa hiyo tafuta diski.

Ya pili ni EA Sports FC, ndiyo ile FIFA iliyoanza 1993 ikabadilishwa jina 2023. Timu zimepita 700, na kwenye konsoli, yaani mashine za gemu kama PS4, Career Mode (ile ya kuongoza klabu au mchezaji mmoja) inachezeka bila mtandao. Lakini tangu Ultimate Team, ile ya kujenga kikosi kwa kadi, iingie na FIFA 09, nguvu imehamia huko, na kikosi ulichokitolea hela na usingizi hakikufuati kwenye toleo jipya. Kila mwaka unalipa bei kamili, unaanza na wachezaji dhaifu tena. Hili linaniuma kuliko picha mbaya yoyote.

FIFA 20 hadi 23 za Nintendo Switch ziacheni. Zimeandikwa Legacy Edition, maana yake gemu ni ya zamani, kilichobadilika ni vikosi na jezi. Kuuza kitu kimoja mara nne ni kutuonea.

eFootball, iliyochukua nafasi ya PES kule Konami, ni ya bure, ila maisha yake yote yako kwenye seva.

Ukienda kununua diski iliyotumika, mwambie muuzaji azime Wi-Fi, aiwashe mbele yako, muweke pedi mbili mcheze mechi moja hadi filimbi ya mwisho. Akianza visingizio, rudisha hela yako mfukoni.