Nililipia intaneti ya mwezi, nikapata ya siku 13

Nina stesheneri Makulu, upande wa barabara ya kwenda UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kompyuta nne, printa mbili, mashine ya fotokopi na ya laminesheni. Sehemu kubwa ya mwaka kazi zangu ni za wanafunzi: ripoti za mafunzo kwa vitendo, CV, kurasa za kuprinti usiku wa kuamkia mtihani. Katikati ya mwaka duka linageuka ofisi ya maombi. Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi anakuja, anayeomba chuo anakuja, anayetuma maombi ya kazi kwenye mfumo wa Ajira anakuja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanyika bila intaneti. Kwa hiyo ninapozungumzia bando, ninazungumzia unga wa nyumbani kwangu na ada ya wanangu.

Jina la kampuni naliacha. Ninachotaka kukizungumzia ni neno lililoandikwa kwenye bango lake: bila kikomo.

Bango nililikuta Sabasaba, kwenye mwamvuli wa wakala. Maandishi makubwa: intaneti ya nyumbani na biashara, bila kikomo, mwezi mzima, shilingi 70,000. Ruta inauzwa kando, 110,000. Kabla ya hapo nilikuwa najiunga vifurushi vya wiki, na msimu wa maombi ukifika vilikuwa vinanila karibu elfu 40 kila wiki. Nilikuwa naishi kwa kuhesabu. Kila baada ya saa mbili nabonyeza kuangalia salio, nakataza wateja wasiangalie video, nazima data nikienda kula. Ukiishi hivyo miaka mitatu, neno “bila kikomo” linakuingia moyoni.

Nilimuuliza yule kijana wa wakala swali moja tu: “GB zikiisha inakuwaje?” Akanijibu, “Dada, hii haiishi. Unalipa, unatumia mpaka mwezi uishe.” Simlaumu. Nilimtazama usoni wakati anasema, na niliona anaamini anachokisema. Alikuwa amepewa bango na fulana, masharti hakupewa.

Nianze na mazuri, maana yapo. Ruta ilifungwa kwa dakika kumi, sikuhitaji fundi. Asubuhi nilikuwa napata kasi ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 35 hadi 40, na jioni, wanafunzi wakisharudi mageto na kila mtu akiwa mtandaoni, ilishuka hadi 20 hivi. Kwa kazi zangu 20 ni nyingi. Kompyuta zote nne zilikuwa zinafanya kazi kwa pamoja bila kuzunguka. Nikafungua Wi-Fi kwa wateja wanaosubiri foleni, bure. Kompyuta zangu zilizokuwa na masasisho ya mwaka mzima nikaziacha zijisasishe. Kwa nini nizuie? Nimeambiwa haiishi.

Siku ya 13 ilikuwa Jumanne. Saa 8 mchana aliingia mzee mmoja kutoka Hombolo na binti yake. Mzee analima zabibu, binti amemaliza kidato cha sita na anaomba mkopo. Walikuwa wamejipanga vizuri kuliko wateja wangu wengi: cheti cha kuzaliwa kimeshahakikiwa RITA, wakala wa vizazi na vifo, fomu imeshajazwa, imeprintiwa, imesainiwa serikali ya mtaa na mahakamani. Kilichobaki ni kuskani kurasa, kuzipakia kwenye mfumo na kutuma. Kazi ya nusu saa. Nikamwambia, “Baba, kaeni hapo, gari la saa 11 mtaliwahi.”

Ukurasa wa kwanza ukagoma. Ukaanza kuzunguka, ukazunguka, mfumo ukatutoa nje. Tukaingia tena. Cheti kikapanda, fomu ikakwama, tukatolewa tena. Kwenye kompyuta nyingine kijana wa Ajira naye analalamika. Nikazima ruta, nikaiwasha. Nikaihamishia dirishani. Nikawaomba radhi wateja, nikasema ni mtandao, mnara una shida, utarudi. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyozoea kusema.

Saa 11 ikapita. Mzee hakunung’unika hata mara moja. Alikaa kwenye benchi ameshika kofia yake, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, tatizo ni karatasi zetu?” Swali hilo limenikaa hadi leo. Alidhani wao ndio waliokosea. Saa 1 usiku nilizima ruta kabisa, nikajiunga bando la siku kwenye simu yangu, nikawasha hotspoti, na fomu ikapanda yote kwa dakika kama sita. Gari la Hombolo lilikuwa limeshaondoka. Wakaenda kulala kwa ndugu yao Chang’ombe, na nauli ya bodaboda niliwapa mimi.

Zile dakika sita ndizo zilizonifungua macho. Laini ya simu yangu ni ya kampuni ile ile ya ruta. Mnara ni ule ule, meza ni ile ile. Kama mnara una shida, simu ilipitaje?

Usiku ule sikulala, nikawa napima. Saa 4 usiku ruta inatoa Mbps 0.5. Saa 7 usiku, 0.5. Saa 10 alfajiri, wakati Makulu yote imelala na mnara hauna kazi, 0.5 ile ile. Simu, pale pale pembeni ya ruta, inatoa zaidi ya 30. Jambo hili ningependa kila mwenye ruta alijue, maana hakuna atakayekwambia. Mtandao uliolemewa na watu hupanda na kushuka kufuata saa: jioni mbaya, alfajiri nzuri. Kasi ikiganda kwenye namba moja usiku na mchana, hiyo mara nyingi imebanwa makusudi kwenye laini yako, na kuzima na kuwasha ruta hakutasaidia kitu.

Asubuhi nikapiga huduma kwa wateja. Dakika 25 za muziki, kisha dada mmoja mwenye sauti ya adabu akaniambia: “Mpendwa mteja, umefikia ukomo wa matumizi ya haki wa GB 100. Utaendelea kutumia kwa kasi ya kilobiti 512 hadi kifurushi chako kitakapoisha muda wake.” Nikamuuliza GB 100 zimeandikwa wapi. Akasema kwenye vigezo na masharti, kwenye tovuti. Nikayatafuta. Yapo kweli, ukurasa wa ndani, na yameandikwa kwa Kiingereza. Bango la kuniuzia ni la Kiswahili, wimbo wa redioni ni wa Kiswahili, meseji ya kunishukuru kwa kujiunga ni ya Kiswahili. Sentensi moja tu iliyokuwa na maana kwa biashara yangu ndiyo iliyoachwa kwa lugha ambayo mteja wangu wa Hombolo asingeisoma.

Sasa tuipige hesabu hiyo kilobiti 512 kwa sekunde, yaani ile 0.5 niliyoipima, kwa sababu “kasi itapungua” ni maneno laini sana. Baiti moja ni biti nane. Gawanya 512 kwa nane, unapata kilobaiti 64 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, GB moja inachukua zaidi ya saa nne kushuka. Kwenye duka lenye kompyuta nne zinazogawana, kila moja inabaki na kilobaiti 16 hivi. Faili la MB 2, yaani kurasa chache zilizoskaniwa, linahitaji dakika mbili kamili bila kukatika, na hapo bado ukurasa wenyewe wa mfumo haujafunguka. Ndiyo maana tulikuwa tunatolewa nje. Meseji za WhatsApp zinakwenda, hilo kweli. Kazi ya mteja haiendi. Mtu akisema intaneti bado ipo, hajakudanganya kwa herufi, lakini wewe umeshafunga duka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba bei yenyewe si mbaya. GB 100 kwa elfu 70 ni shilingi 700 kwa GB. Vifurushi vyangu vya wiki vilikuwa vinakwenda zaidi ya mara mbili ya hapo. Kama bango lingeandika “GB 100, kisha kasi ndogo”, ningenunua vile vile, siku ile ile, kwa furaha ile ile. Tofauti ni kwamba ningejipanga. Nisingefungua Wi-Fi kwa kila anayesubiri fotokopi. Nisingeruhusu kompyuta nne zijisasishe kwa pamoja mwezi wa maombi. Ningeweka akiba ya bando kwenye simu kwa ajili ya wiki ya mwisho. Walioniuzia wamenifanya niache kuhesabu, wakati wao wanahesabu.

Naelewa pia upande wa kampuni. Mnara mmoja unahudumia watu wengi, na akitokea mmoja anayeshusha filamu usiku kucha, majirani wanaumia. Kuweka kiwango ni sawa. Hata jina la “matumizi ya haki” ningelikubali, kama haki hiyo ingeanza na kumwambia mnunuzi kabla hajatoa pesa.

Wala hili halijaanzia kwetu. Mwanafunzi mmoja wa sheria anayeprinti kwangu alinieleza kesi ya Marekani, nami nikaenda kuisoma. Mwaka 2014 tume ya Marekani inayosimamia haki za wateja, FTC, iliishtaki kampuni ya simu ya AT&T kwa kuuza vifurushi vya bila kikomo huku ikibana kasi ya watumiaji. Walioguswa walikuwa zaidi ya milioni 3.5, na baadhi yao walibanwa baada ya GB 2 tu kwa mwezi. Kampuni ilibishana hadi 2019, ikakubali kutoa dola milioni 60 za kurudishiwa wateja. Kilichonifurahisha kuliko hizo fedha ni sharti jingine: isitangaze tena “bila kikomo” bila kueleza mipaka yake waziwazi, isiifiche kwenye maandishi madogo wala nyuma ya kiungo cha kubonyeza. Hilo ndilo ninaloliomba. Sihitaji mamilioni.

Hapa kwetu tunakumbuka Aprili 2021, vifurushi vilipobadilika na kelele zikasikika nchi nzima mpaka Serikali ikasitisha mabadiliko yale. Bei ikipanda kila mtu anaiona siku hiyo hiyo. Hii ya kubanwa inampata mmoja mmoja, siku tofauti, chumbani kwake, na kila mmoja anadhani ruta yake imeharibika. Nimeongea na wenye stesheneri wanne wa njia hii. Wawili walishanunua ruta mpya kwa tatizo hili hili.

Hatua niliyochukua: nimeandika malalamiko kwa kampuni yenyewe, maana utaratibu unataka uanze kwa mtoa huduma kabla ya kwenda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Nimeambatanisha picha ya bango, picha za vipimo zikiwa na saa, na meseji ya kujiunga. Nimepewa namba ya kumbukumbu. Wakinyamaza, bahasha ya TCRA iko tayari mezani. Ukitaka kufanya hivyo, piga picha bango kabla hujalipa, na upime kasi saa 10 alfajiri angalau siku mbili.

Je, ninunue au nisinunue? Ukiwa na familia ya watu watatu wanne, simu na runinga moja, GB 100 zinaweza kukufikisha mwisho wa mwezi ukiwa mwangalifu na video. Nunua, ila ichukulie kama GB 100. Kama una biashara ya maombi, saluni yenye Wi-Fi ya wateja au geto la wanafunzi sita, usiitegemee peke yake. Huduma yenyewe naipa nyota nne, kwa kasi ya zile siku 13. Tangazo naliondolea zote.

Mimi nimebaki nayo. Wi-Fi ya wateja nimeifunga, masasisho ya kompyuta nayafanya moja moja, na nimebandika karatasi ukutani ambapo msaidizi wangu anaandika matumizi kila jioni kutoka kwenye ukurasa wa ruta. Leo ni siku ya 19 ya kifurushi kipya, tuko GB 71. Jumamosi nilipita Sabasaba nikamwonyesha yule kijana wa wakala masharti kwenye simu yangu, tukayasoma pamoja, nikamtafsiria. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza GB 100 zinamtosha mtu wa kawaida siku ngapi. Bango lililokuwa nyuma yake ni lile lile.