Kamusi ya simu iliyonitatulia advice na advise

Miaka yote nimeandika barua za kazi nikibahatisha kati ya maneno ya Kiingereza advice (ushauri) na advise (kushauri). Programu hii ya kamusi imenimalizia shida hiyo kwa matamshi tu: advice, nomino, huishia kwa sauti ya s, advise, kitenzi, huishia kwa z. Nilirudia kusikiliza mara nne, simu nimeibana sikioni, na tangu siku hiyo sijakosea.

Kwenye practice na practise imeniangusha. Inadai practice kama kitenzi ni kosa, ilhali Marekani ndivyo wanavyoandika. Kuzitenganisha, practice nomino na practise kitenzi, ni desturi ya Uingereza. Jamani, warekebishe, wanafunzi wanaitegemea! Mifano ya affect (kuathiri) na effect (athari) nayo ni michache mno. Lakini kuifuta, hapana. Naifungua kila ninapotaka kutuma barua.