Kamera yangu ya kwanza ya maana, na kijana aliyenipokonya mkononi

Nianze na duka, kwa sababu hasira bado ninayo. Kamera nitaifikia.

Nilikwenda kununua. Sikwenda kushangaa vitu vya watu wala kupiga soga. Pesa nilikuwa nazo, na kwenye mkoba nilikuwa na lenzi yangu ya zamani nimeifunga kitambaa. Kabla ya kulipa nilitaka jambo moja tu: niipachike lenzi ile kwenye kamera niliyoitaka, Nikon D7000, niweke jicho kwenye kitundu cha kuchungulia, nione kama tunaelewana. Kijana wa kaunta akanipa kamera shingo upande. Ndiyo kwanza naiinua, hata usoni haijafika, akaishika kwa juu na kuivuta. "Mama, hiyo si ya kuchezea. Hiyo ya wapiga picha. Wewe chukua hii ndogo, inafanya kila kitu yenyewe."

Nikamwambia, "Kijana wangu, naomba niichungulie tu, ndipo nijue." Akajibu kwamba siku hizi hakuna anayechungulia, watu wanatazama skrini. Nikamtolea lenzi. Hakuigusa. Akaitazama, akamtazama mwenzake, wakacheka. "Hiyo peleka makumbusho."

Miezi imepita tangu siku hiyo na bado nikikumbuka ule mkono wake ukivuta, damu inanichemka. Mteja unampokonya kitu mkononi? Mtu mzima, aliyekuja na pesa zake?

Basi tuizungumze hiyo lenzi ya makumbusho. Ni ya Nikon, milimita 50, f/1.8 (namba ya f ni ya tundu la lenzi linalopitisha mwanga; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), fokasi yake ni ya kuzungusha kwa mkono. Ilikuwa kwenye kamera ya mkanda ya kaka yangu, na kwa kamera hiyo ndiko nilikojifunza kupiga picha, mkanda wa picha 36, kila picha unaifikiria kwanza kwa sababu zikiisha zimeisha. Nikon waliuanza mdomo huu wa kupachikia lenzi mwaka 1959. Mwaka 1977 wakaurekebisha, ili pete ya lenzi iweze kuiambia kamera tundu limefunguliwa kiasi gani. Yangu ni ya baada ya marekebisho hayo. Kwa hiyo inaingia kwenye kamera zao za kidijitali zenye kioo, kile cha ndani kinachorusha picha hadi jichoni, bila kulazimishwa.

Lakini kuingia ni jambo moja, na kufanya kazi ni jambo lingine. Kwenye zile kamera ndogo za wanaoanza, lenzi kama yangu inakaa vizuri kabisa, halafu kipima mwanga kinakataa. Unabaki kukisia. D7000, ile niliyoitaka, iliyotoka mwaka 2010, ina kijino pembeni mwa mdomo kinachosogea pamoja na pete ya lenzi. Unaingia kwenye menyu, unaiambia kwamba hii ni ya milimita 50 na tundu lake likifunguka lote ni 1.8, basi, inapima mwanga sawasawa. Unapozungusha kutafuta fokasi, kinukta kinawaka chini ya picha ndani ya kitundu kukuonyesha kwamba umefika. Hayo nilikuwa nayajua kabla sijaingia dukani. Muuzaji alikuwa hayajui, na hakutaka kuyajua. Kama ningemtii ningetoka pale na kamera isiyoweza kupima mwanga kupitia lenzi pekee ninayoipenda duniani.

Labda mtu atauliza, kwa nini uhangaike, si simu inapiga picha? Ndiyo, inapiga, na kwa miaka mingi nilitumia simu nikaridhika. Kilichonirudisha ni shangazi yangu. Nilimpiga picha kwa simu, amekaa karibu na dirisha, mwanga mzuri unamjia ubavuni. Kuangalia, si yeye. Simu ilikuwa imemsugua uso. Lile kovu lake juu ya nyusi limefifia hadi karibu halionekani, makunyanzi ya pembeni mwa macho hayapo, ngozi imekuwa laini kama plastiki. Nilihangaika kwenye mipangilio nikazima kila kilichoitwa urembo, na bado picha ikatoka imelainishwa, maana programu ya simu huunganisha picha kadhaa na kuzisafisha kabla hujaona chochote. Nilikasirika kwa namna ambayo sikuitarajia. Uso ule umefanyiwa kazi na miaka zaidi ya sabini, halafu kifaa kinaamua kuifuta! Usiku ule nikaitafuta lenzi ya kaka.

Kwa hiyo nilijua ninachotaka: kamera itakayonipa faili ghafi, kama mwanga ulivyofika kwenye kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa mkanda, ili uamuzi wa kusafisha au kutosafisha uwe wangu. Na nilitaka kitundu. Yule kijana anadhani kitundu cha kuchungulia ni pambo. Kwenye kamera za bei ya chini zenye kioo, picha inafikishwa jichoni na vioo vilivyopangwa juu, na kwa kawaida unaona kama asilimia 95 tu ya kile kitakachopigwa. Kile kinachobaki kinaingia kwenye picha bila wewe kukiona: ncha ya kiti, kiwiko cha mtu, taa ya nyuma. D7000 ina kipande kizima cha kioo kilichochongwa, na unachokiona ndicho unachokipata, karibu asilimia 100. Aliyezoea mkanda, aliyefundishwa kukagua pembe zote nne kabla ya kubonyeza, hawezi kukubali nusu nusu. Tena ukibana kamera usoni mkono unatulia, jua halikusumbui, na anayepigwa picha anajua umemkazia macho yeye, humtazami juujuu huku umenyoosha mikono mbele.

Kijana alinitajia megapikseli, tena kwa sauti ya kunifundisha. Picha ya sentimita 30 kwa 20, ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, inataka megapikseli 8 na kidogo. Hiyo kamera "ya wapiga picha" ina 16. Tumemalizana na megapikseli.

Niseme haki pia, maana sitaki hasira imuonee asiyehusika. Zile kamera ndogo si mbaya. Anayesafiri, anayepiga watoto wakicheza nje mchana, zinamtosha kabisa, na wepesi wake ni neema. Kinachoziangusha mara nyingi ni ile lenzi inayokuja nayo kwenye boksi, ya kuvuta, milimita 18 hadi 55. Ukiivuta hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi yangu ya makumbusho inafunguka hadi f/1.8, na hesabu yake ni kwamba inapitisha mwanga zaidi ya mara tisa. Ndani ya nyumba jioni, pale ambapo lenzi ya boksi inahitaji sekunde 1/6, na mtu akipumua tu picha imeharibika, hii inapiga kwa 1/60. Shangazi anacheka, na kicheko kinashikika. Kwa hiyo hata kama utachukua kamera ndogo, nakusihi, chukua mwili peke yake na utafute lenzi moja isiyovutika yenye tundu kubwa. Wauzaji wengi hawatakwambia, kwa sababu lile boksi ndilo wanalotaka litoke.

Nilinunua wapi basi? Kwa mzee mmoja mpiga picha aliyekuwa anahamia kwenye kamera zisizo na kioo. Huyu ningemwandikia ukurasa mzima. Nilipomwonyesha lenzi aliipokea kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye mwanga, akaichungulia mbele na nyuma kama ina ukungu ndani, akasema, "Safi hii, dada. Imetunzwa." Akaipachika mwenyewe. Akanipa kamera, akaniambia niweke memori kadi yangu, nipige chochote ninachotaka, niende nazo nyumbani nikazitazame kwenye skrini kubwa, ndipo tuzungumze. Akanionyesha bila kuulizwa idadi ya mara shata, lile pazia linalofunguka kila unapopiga, imefunguka, na sehemu ya ngozi bandia iliyoanza kubanduka pembeni. Hakuna alichoficha. Nilimwuliza maswali mengi na hakuna hata moja lililomchosha. Kamera ya mkononi, iliyokwisha kutumika, niliyoinunua kwa mzee yule imenipa amani ambayo ile mpya, iliyofungwa plastiki, isingenipa kwa jinsi nilivyotendewa.

Sasa kamera yenyewe. Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba ni nzuri lakini mtu afikirie mara mbili, na sababu ninazo. Kamera za kioo ni nzito, zote. Shingo inajua. Zina kelele: kioo kikiruka, chumba chote kinasikia, na kama kuna mtoto amelala utajilaumu. Zisizo na kioo zinakuonyesha ndani ya kitundu jinsi picha itakavyotoka kwa mwanga kabla hujabonyeza, jambo ambalo kwa anayeanza ni msaada mkubwa mno. Zinapokea pia lenzi za zamani kwa kutumia pete ya kuunganishia, na zinaweza kukuza sehemu ndogo ya picha ili fokasi ya mkono iwe kamili. Akinijia mtu asiye na lenzi yoyote, aanze upya kabisa, sidhani kama nitamwambia atafute D7000. Nitamwambia aende kwenye zisizo na kioo.

Na tena, kukosa fokasi kwa f/1.8 ni rahisi kuliko kuipata. Macho ya mtu yanakuwa safi na pua imeyeyuka, au pua ndiyo safi. Itabidi uvumilie.

Hata hivyo, wakati naandika haya nimefungua zile picha za shangazi. Milimita 50 kwenye kihisi hiki, kilicho kidogo kuliko fremu ya mkanda, inabana picha kama 75 kwenye mkanda, ndiyo umbali wa mazungumzo, hujamsogelea hadi akajikunja wala hujamwacha mbali. Kovu lipo. Kila mstari upo. Kwenye jicho la kushoto unaona dirisha zima, na kichwa changu ndani ya dirisha. Hakuna mashine iliyomwambia awe na ngozi nyingine. Nafuta niliyosema hapo juu. Uzito si kitu. Kelele si kitu. Kamera hii nimeipenda, na kwa yeyote mwenye lenzi ya namna hii iliyolala kabatini, naipa nyota zote.

Duka halipati hata moja. Nimejaribu kujiambia pengine kijana alikuwa amechoka, pengine kuna mteja aliwahi kuangusha kamera mkononi mwake akakatwa mshahara. Inawezekana. Ingemgharimu nini kusema, "Mama, naomba niishike upande huu wakati unachungulia"? Ningemwelewa, na angeuza. Kucheka hakuna maelezo.

Kwa wanaotafuta ya mkononi: omba kuona idadi ya shata, mulika lenzi kwa tochi uone kama kuna nyuzi nyuzi za ukungu, piga ukuta mweupe ukiwa umefunga tundu hadi f/16 uone madoa ya vumbi kwenye kihisi. Ukikosa D7000, D7100 ya mwaka 2013 na D7200 ya 2015 zina kijino kilekile na zitapima mwanga na lenzi za baada ya 1977. D7500 ya 2017 msiichukue kwa kazi hii, hata kama ni mpya zaidi na muuzaji anaisifia. Kile kijino walikiondoa.