Krimu za mimea zinazoletwa mlangoni: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Dada wa biashara ya mtandao, yaani wakala anayekuletea nyumbani krimu za kampuni, akikutembelea, kitu cha kwanza atakuomba ni mkono. Atakupaka krimu mgongo wa mkono wa kulia, wa kushoto atauacha mkavu, halafu mtaendelea na stori za watoto na ada za shule. Dakika tano zikipita atakwambia, "Hebu linganisha." Ukitazama, mkono wa kulia unang'aa na vimistari vimelainika, na wa kushoto unaonekana umechoka.

Nimefanya hivyo kwenye sebule za watu Tabata, Segerea na Kinyerezi kwa miaka miwili nilipokuwa nauza. Niliamini nilichokuwa nasema. Baadaye, nilipoanza kusoma kilichoandikwa nyuma ya chupa nilizokuwa nazibeba, nikaelewa kwamba pale mkononi kazi ilikuwa ya glisirini na maji. Ngozi kavu ikinywa maji hujaa, na mikunjo midogo hufichika kwa saa chache. Glisirini ya kawaida ya dukani ingefanya vilevile. Kupunguza makunyanzi yenyewe ni kazi ya miezi, na hakuna anayeweza kukuonyesha hilo akiwa amekaa kwenye kochi lako.

Kwa hiyo nimepanga bidhaa hizi kwa aina, nikianza na ile inayostahili hela yako kwanza. Sikupanga kwa kampuni, kwa sababu katalogi moja hubeba kitu kizuri sana na kitu cha hasara kurasa mbili tu zikipishana. Avon imekuwepo tangu 1886, Oriflame ilianzishwa Sweden mwaka 1967, Forever Living ilianzishwa na Rex Maughan huko Arizona mwaka 1978 na ikajenga jina lake juu ya mshubiri (aloe vera). Ukongwe wa kampuni hauwezi kukwambia kilichomo ndani ya kichupa unachoshika leo.

Kwanza geuza chupa

Picha ya jani la chai ya kijani mbele ya boksi haina uzito wowote. Nyuma kuna orodha ya viambato, na utaratibu wake ni huu: kilichowekwa kwa wingi kinaandikwa kwanza, kinachofuata ni kidogo zaidi, mpaka ufike kwenye vile visivyozidi asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo.

Sasa tafuta neno Phenoxyethanol. Hicho ni kihifadhi, na sheria za Ulaya zinakiwekea ukomo wa asilimia 1. Karibu kila kilichoandikwa baada yake hakizidi kiasi hicho. Nina kichupa kimoja hapa mezani nilichowahi kukiuza kwa sifa nyingi. Orodha yake inaanza na maji, glisirini, mafuta ya kulainisha, inafika Phenoxyethanol, halafu manukato, na ndipo inakuja Camellia Sinensis Leaf Extract, yaani ile chai ya kijani iliyojaa boksi zima upande wa mbele. Chai imekuja nyuma ya manukato!

Kuna viambato vinavyofanya kazi hata kwa nusu asilimia, kwa hiyo usimhukumu muuzaji kabla hujamuuliza. Swali ni fupi: "Dada, humu kiambato chenyewe ni asilimia ngapi?" Kama kampuni inajivunia kiambato chake, huwa inaandika namba.

Ya kwanza: krimu ya kukinga jua

Najua ulitaka kusikia habari za mimea, na vichujio vinavyozuia jua havitoki kwenye mimea. Hata hivyo, katika kila kitu kilichomo kwenye mkoba wa yule dada, hiki ndicho chenye ushahidi mzito zaidi dhidi ya kuzeeka kwa ngozi. Mji wa Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Waliopangiwa kupaka krimu ya jua kila siku walionyesha dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka kila mtu kwa hiari yake. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Sijaona mzizi wala jani lenye jaribio la namna hiyo nyuma yake.

Wengi wetu hujibu, "Sisi weusi, jua halitusumbui." Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inatusaidia kweli. Vipimo vya zamani viliikadiria kinga ya ngozi nyeusi kuwa sawa na SPF 13 hivi, na ya ngozi nyeupe 3 hivi (SPF ni kipimo cha nguvu ya kukinga jua). Ndiyo maana makunyanzi yetu huchelewa. Kinachotuwahi sisi ni madoa: mashavu kuwa na rangi mbili, paji la uso kuwa jeusi, alama ya chunusi kukaa mwaka mzima. Na madoa hayo huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Kwa hiyo tafuta krimu ya jua yenye rangi, iliyoandikwa Iron Oxides kwenye orodha, kwa sababu hiyo ndiyo huzuia mwanga huo vizuri zaidi, na uso hautabaki na weupe wa chokaa.

Chukua SPF 30 kwenda juu, yenye alama ya UVA, ile miale ya jua inayozeesha ngozi. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili iliyokamuliwa kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati. Ukipaka hivyo mara moja kwa siku, tyubu ya mililita 50 itakwisha kwa wiki sita hivi. Ikidumu miezi mitano, ujue ulikuwa unapaka robo ya kinachotakiwa. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua tyubu ndogo ya bei kubwa kwenye katalogi, maana mara nyingi famasi utapata SPF ileile kwa bei ya chini. Muuzaji akikwambia mafuta ya mbegu za karoti yanatosha kukinga jua, usinunue.

Hapa kwetu jambo hili linaeleweka kuliko tunavyodhani. Hospitali ya KCMC, Moshi, kulianza kutengenezwa krimu ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la uhai.

Ya pili: seramu yenye bakuchioli

Ukitaka mmea uliowahi kupimwa ana kwa ana na retinoli, ile vitamini A ya kwenye krimu za makunyanzi, ni huu. Bakuchioli hutolewa kwenye mbegu za Psoralea corylifolia, mmea unaotumika India tangu zamani. Watafiti waliwagawa watu 44: kundi moja lilipaka bakuchioli asilimia 0.5 mara mbili kwa siku, la pili retinoli asilimia 0.5 mara moja. Baada ya wiki 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepungukiwa makunyanzi na madoa bila tofauti ya maana, na waliotumia retinoli ndio waliolalamika zaidi ngozi kubanduka na kuwasha. Watu 44 ni wachache, nalikubali hilo, lakini angalau kuna namba za kushika.

Angalia tahajia kwa makini. Unataka neno Bakuchiol lenyewe. Ukikuta Psoralea Corylifolia Seed Extract, huo unaweza kuwa mchanganyiko wenye soraleni, kemikali inayoifanya ngozi iungue kirahisi juani. Kama una mimba au unanyonyesha, muulize daktari kwanza. Na kama hujali kiambato kitoke kwenye mmea au maabara, nenda kwa daktari wa ngozi umuulize habari za tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A. Ushahidi wake ni wa miongo mingi.

Ya tatu: vitamini C, kwa sharti moja

Vipeperushi vitakutajia ubuyu, amla na asserola. Tunda kuwa na vitamini C nyingi hakumaanishi kwamba dondoo lake likiwekwa kwenye krimu litapenya ngozini. Inayofanya kazi ni asidi ya askobiki, yaani vitamini C yenyewe, kati ya asilimia 10 na 20, kwenye seramu yenye uchachu mkali, ndani ya chupa nyeusi au ya pampu isiyoingiza hewa. Inasaidia madoa, na inaisaidia krimu ya jua.

Sharti lenyewe ni joto. Bidhaa ya kuuzwa mkono kwa mkono haikai kwenye duka lenye kiyoyozi. Inakaa chini ya kitanda cha wakala, kwenye buti la gari, kwenye mkoba uliopandishwa daladala mchana wa Februari. Mimi nilikaa na boksi la seramu chumbani miezi minne. Siku nilipomfungulia mteja wangu mmoja, mama mtu mzima aliyenilipa kwa awamu, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ilikuwa imeoza kwa hewa na joto. Nilimrudishia hela yake, na kampuni niliyokuwa naiuzia haikunifidia hata shilingi. Kwa hiyo seramu ya vitamini C ifunguliwe mbele yako. Ikiwa ya manjano iliyokolea au kahawia, irudi ilikotoka.

Ya nne: mafuta ya mimea

Marula, agani, waridi mwitu, mbegu za zabibu. Ni mafuta mazuri, yanaifungia ngozi maji isikauke, na mwanamke aliyepita miaka arobaini na mitano, ambaye ngozi yake haitoi mafuta kama zamani, atayapenda. Tatizo ni bei. Mafuta ya ubuyu kutoka Dodoma au ya mlonge, yaliyokamuliwa bila moto na kuwekwa kwenye chupa nyeusi, yanafanya kazi hiyohiyo. Wakamuaji wadogo wapo kwenye maonyesho ya Sabasaba kila mwaka. Ya nazi waachie wasio na chunusi.

Ya tano: jeli ya mshubiri

Nzuri kwa ngozi iliyoungua na jua au iliyowashwa na wembe. Utomvu wa jani hilo ni maji kwa zaidi ya asilimia 98, kwa hiyo usiutegemee ukuondolee mikunjo. Ukinunua, Aloe Barbadensis Leaf Juice iwe ya kwanza kwenye orodha, kabla hata ya maji.

Za mwisho: seti kamili na kolajeni ya kunywa

Seti ya vichupa sita ipo kwa sababu inampandishia wakala pointi za mwezi. Nilikuwa naisukuma kila tarehe 28 ili nisishuke daraja. Ndani yake utakuta losheni ya asubuhi na krimu ya usiku zenye viambato karibu vilevile, na toni (maji ya kufutia uso) ambayo ngozi yako haikuiomba. Nunua kimoja kimoja.

Kolajeni ya kunywa haitoki kwenye mimea hata kidogo. Mimea haina kolajeni, ambayo ni protini ya miili ya wanyama. Inatoka kwenye ngozi za samaki na ng'ombe, na anayekuuzia "kolajeni ya mimea" anakuuzia kitu kingine chenye jina hilo. Tafiti nyingi zinazoisifu zimefadhiliwa na watengenezaji.

Na kikopo cha "mitishamba" kisicho na orodha ya viambato, kinachokufanya uwe mweupe ndani ya wiki, usikipokee hata cha bure. Huo ni mkorogo: haidrokwinoni, zebaki au steroidi. Steroidi huikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane, na ngozi iliyokonda huzeeka haraka kuliko ya jirani yako asiyepaka chochote. Tanzania Bara, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, kwa hiyo uliza usajili.

Kabla hujatoa hela

Nunua kama mteja. Utaambiwa ukijiunga utapata punguzo, nalo lipo kweli, lakini linakuja na manunuzi ya kila mwezi, na nimewaona akina dada wenye makabati yaliyojaa krimu zilizopitwa na muda. Gawa bei kwa mililita: kichupa cha mililita 30 kwa Sh 120,000 ni Sh 4,000 kwa kila mililita, na utashangaa ukikilinganisha na cha mililita 50. Tazama ile picha ya kikopo kilichofunguliwa chenye 12M au 6M, ni miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua. Dai risiti yenye jina la wakala na tarehe, na muulize papo hapo una siku ngapi za kurudisha. Kampuni nyingi kubwa zinatoa muda huo na mawakala wengi hawausemi.

Kama muuzaji ni binti wa shangazi yako na unaona haya kumhoji, mwombe sampuli. Paka kwenye mkunjo wa kiwiko, upande wa ndani, asubuhi na jioni kwa siku saba, mahali palepale. Pakiwasha au pakiota vipele, mpigie simu umwambie hivyo. Pakikaa salama, lipia kichupa kimoja, andika tarehe kwa kalamu ya wino chini yake, na jipige picha dirishani, bila vipodozi, saa ileile utakayopiga nyingine wiki ya kumi na mbili.